Gari Kuukuu, Fundi Mzee na Elimu Isiyo na Daftari

Wapo watu wanaoamini kwamba gari likifungiwa bandani bila kutumiwa huhifadhika kama nafaka iliyotiwa dawa. Imani hiyo haina msingi. Gari huchakaa kwa kwenda, lakini huoza kwa kukaa. Petroli iliyoachwa tangini hupoteza sehemu zake nyepesi hewani na kubakiza utomvu unaoziba vijitundu vya kabureta. Mafuta ya breki, ambayo kwa asili yake hufyonza unyevu, hualika kutu ndani ya silinda za breki. Betri hujimaliza yenyewe. Mpira wa tairi hukauka na kufanya nyufa hata kama gurudumu halijazunguka mara moja. Isitoshe, panya hujenga makao ndani ya viti na kutafuna nyaya.

Nimeyajua haya kwa karibu tangu mwaka 2023, aila yetu ilipolazimika kuamua hatima ya gari la marehemu baba. Aliacha Peugeot 504 ya aina ya steshenwagoni, iliyokuwa chini ya kibanda cha mabati nyumbani kwetu Wundanyi tangu mwaka 2009, macho yake yalipomzuia kuendesha. Ndugu zangu wawili walipendekeza liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ambao hupima gari kwa kilo. Mama hakubishana nao. Alisema tu kwamba gari hilo ndilo lililomkimbiza hospitalini usiku aliomzaa kitinda mimba wetu, na kwamba angependa kulisikia likinguruma tena kabla hajafumba macho.

Msomaji wa makamo hahitaji kuelezwa 504 ilikuwa nini katika nchi hii. Gari hilo lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likateuliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Mwaka 1975 lilishinda mbio za Safari Rally likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 ndugu yake mwenye injini ya silinda sita akashinda tena mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Ufaransa ilipoacha kuunda saluni za aina hiyo mwaka 1983, Kenya iliendelea kuunganisha 504 kwa miaka mingi. Steshenwagoni yake ndiyo iliyokuwa "Pijo" ya wasafiri wa masafa marefu kabla ya Nissan kutawala barabara.

Fundi tuliyempata anatoka Voi, na umri wake umepita miaka sabini. Hakusomea chuoni, alijifunza kwa kuwashikia spana mafundi waliomtangulia. Alipofika, mdogo wangu alikuwa amekwisha kununua betri mpya, naye alitaka kujaribu ufunguo papo hapo. Mzee akamzuia. "Mwanangu," alisema, "huyu ni mgonjwa aliyelala miaka kumi na minne. Ukimwinua kwa kumvuta mkono, utamvunja."

Aliyoyafanya baada ya hapo yanastahili kuelezwa, maana wengi huua magari yao katika dakika ya kwanza ya kuyafufua. Kwanza alifungua plagi zote nne, akamimina oili kidogo katika kila silinda, akaiacha injini siku mbili. Sababu yake ni kwamba ringi za pistoni zikikaa sana hushikwa na kutu ubavuni mwa silinda, na nguvu ya stata huweza kuzivunja au kukwaruza silinda. Siku ya tatu alichukua spana kubwa, akaishika nati ya puli iliyo mbele ya injini, akaizungusha kwa mkono, pole pole, huku ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Injini ilikataa, ikakataa tena, kisha ikalegea.

Ndipo alipomwaga petroli ya zamani, iliyokuwa ikinuka kama vanishi, akaosha tangi na kuifungua kabureta kipande kwa kipande. Alibadilisha oili na chujio lake, mipira yote ya maji, ya mafuta na ya breki, na silinda za breki zilizoliwa na kutu. Tairi zilikuwa bado na mifereji yenye kina, na mdogo wangu akataka zibaki. Mzee alimwonyesha tarakimu nne zilizochapwa ubavuni: 2207. Maana yake ni kwamba tairi hizo ziliundwa katika juma la 22 la mwaka 2007. Zikang'olewa. Kisha, plagi zikiwa bado nje, aliizungusha injini kwa stata ili oili ipande kwanza hadi juu. Siku ya tisa injini ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi wa buluu, halafu ikatulia katika mngurumo wake. Mama alitoka jikoni, akasikiliza kwa muda, akauliza ni Jumapili gani atakayopelekwa kanisani.

Kuna atakayesema kwamba huo ni ubadhirifu, na kwamba zama hizi za magari ya umeme si za kushughulikia kabureta. Hoja hiyo ina uzito wake, kwani gharama ya kulifufua gari letu ilizidi bei ya vyuma vyake. Hata hivyo, wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Kanuni zetu kwa kawaida haziruhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini. Hivyo gari kuukuu la Kenya likishaingia tanuri halirudi. Na kila moja linalokatwakatwa humpunguzia fundi wa aina ya mzee huyu sababu moja ya kushika spana.

Hapo ndipo penye jambo linalonihusu mimi, mtu wa isimu. Katika siku hizo tisa nilisikia Kiswahili ambacho sikukutana nacho darasani. Injini hukohoa, hula oili, hushika, hunoki. Fundi anapoeleza ugonjwa wa gari hutumia vitenzi vya mwili wa binadamu, na kwa vitenzi hivyo humfundisha mwanafunzi kutofautisha sauti moja na nyingine. Wako wataalamu watakaokunja nyuso na kusema kwamba klachi, plagi na stata ni uchafuzi wa lugha. Nawauliza: parafujo na bomba tulivipata wapi kama si kwa Wareno? Neno gari lenyewe lilitoka Bara Hindi, na usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujafungwa ndani ya motokaa. Gereji inaendeleza tu kazi iliyoanzwa na bandari.

Hata hivyo elimu hiyo yote imo vichwani mwa wazee. Nilimuuliza mzee ni nani atakayemrithi. Alijibu, "Vijana walikuja wakaondoka, Mwalimu. Na haya ninayoyajua hayako kwenye daftari lolote." Nilikumbuka methali tunayowafundisha watoto, kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuifasiri kwa fedha za dukani, ilhali inatuhukumu hata katika elimu.

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini vyuo vyetu vya ufundi vingali vinafundisha na kutahini kwa Kiingereza, na vitabu vya kutengenezea magari vimeandikwa kwa lugha za waliyoyaunda. Kijana aliyejifunza kwa masikio na mikono, kwa Kiswahili, akifika mbele ya karatasi ya mtihani huonekana hajui anachokijua barabara.

Ninapendekeza mambo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa. La kwanza, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziwatume wanafunzi wao, wakati wa likizo ndefu, katika gereji za Voi, za Nakuru, na za barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ambayo wengi bado huiita Grogan, wakarekodi maneno na maarifa ya mafundi wazee, kisha kazi hiyo ihesabiwe kuwa utafiti halali. La pili, maarifa hayo yachapishwe katika vijitabu vyepesi vya Kiswahili, na vyuo vya ufundi vivikubali kuwa vya kufundishia.

Mimi nimekwisha kujaza daftari la kwanza kwa maneno ya mzee, na kila mwisho wa mwezi huteremka Voi na la pili. Lakini mafundi wa umri wake ni wengi kuliko safari zangu, na miaka yao iliyobaki si mingi. Ewe msomaji mwenye gari la mzazi bandani, kabla hujawaita wapima kilo, mwite fundi. Na akija, uwe na kalamu.