Jiwe la Mererani ni la nani?

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Leo tunakwenda Mererani, wilayani Simanjiro, kusini mwa Mlima Kilimanjaro. Dunia nzima, kito kiitwacho tanzanite huchimbwa hapo tu. Wachimbaji wake huitwa wanaapolo. Huzama mashimoni, mamia ya mita chini, taa kichwani, na wapo wanaomaliza miaka bila kuona hata kokoto ya bluu.

Juni 2020, mchimbaji mdogo aitwaye Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la zaidi ya kilo 9 na jingine la zaidi ya kilo 5. Alilipwa shilingi bilioni 7.7, na Rais Magufuli akampigia simu kumpongeza, watu wakisikiliza.

Katika kila jiwe liuzwalo serikali hudai fungu, na najua mtaniuliza: Babu, jiwe kalitafuta mwenyewe kwa jasho lake, serikali inamdai nini?

Sikilizeni. Kwa sheria ya Tanzania, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya wananchi wote, na Rais ameyashika kwa niaba yao. Ukiwa na shamba, lima, fuga, jenga. Ukikuta dhahabu chini ya mihogo yako, huwezi kuichimba mpaka upate leseni. Mwenye leseni naye hawezi kuja kuchimba uani kwenu bila ridhaa yenu na fidia. Kule Texas, Marekani, ni tofauti: mafuta yaliyo chini ya shamba huweza kuwa ya mwenye shamba, akayauza na kubaki na udongo wake. Mimi nasimama na sheria yetu. Tanzanite iliumbika mamilioni ya miaka kabla ya binadamu. Hakuna aliyeipanda, na ikishatolewa haioti tena. Watoto watakaozaliwa kesho nao wana fungu lao.

Fungu hilo ndilo mrabaha. Mchimbaji akiuza vito ghafi vya shilingi 100, 6 ni mrabaha na 1 ni ada ya ukaguzi. Halmashauri nayo, mwaka 2019, ilichukua senti 30 za ushuru wa huduma.

Zamani mchimbaji mdogo alidaiwa pia 18 za kodi ya ongezeko la thamani na 5 za kodi ya zuio. Jumlisheni wenyewe: zaidi ya 30 katika kila 100, na bado hajalipa vibarua wala baruti! Basi mawe mengi yalitoroshwa, yakavuka mpaka wa nchi yakiwa mifukoni. Mwaka 2018 jeshi likamaliza ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo. Ukuta ulisaidia, lakini nadhani kilichosaidia zaidi ni uamuzi wa 2019: kodi zile mbili zikafutwa kwa wachimbaji wadogo, na masoko ya madini yakafunguliwa, jiwe likapimwa na kulipiwa hadharani.

Agosti 2020 Laizer alileta jiwe la tatu, la zaidi ya kilo 6. Nalo akaiuzia serikali, na mrabaha wake ukaingia Hazina.