Tiketi ya Entebbe inasema saa 02:30: uondoke Kampala usiku upi?

Msafiri mwenye tiketi ya kuondoka Entebbe siku ya Jumatano saa 02:30 anapaswa kuwa uwanjani Jumanne usiku. Akifika Jumatano usiku, ataambiwa kwamba ndege yake iliondoka tangu usiku uliotangulia. Tiketi nyingi za bei nafuu hazirejeshewi fedha, na kwa familia iliyouza mali au kukopa ili kumsafirisha mmoja wao, hasara hiyo si ndogo.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni hesabu ya saa. Kiswahili, kama Kiganda, huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na za usiku linapotua. Mashirika ya ndege huanza kuhesabu katikati ya usiku, na hapo hapo tarehe hubadilika. Kwa hiyo saa 02:30 ya tiketi ni saa nane na nusu za usiku wa kuamkia Jumatano.

Kanuni yake ni nyepesi. Saa iliyoandikwa ikiwa kati ya 00:00 na 06:59, ongeza 6. Ikiwa kati ya 07:00 na 18:59, ondoa 6. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, ondoa 18. Hivyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na 22:00 ni saa nne usiku.

Njia ya kufika

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Entebbe uko takriban kilomita 40 kusini-magharibi mwa Kampala, na hakuna treni inayofika huko. Msafiri hana budi kutegemea barabara, nazo ni mbili.

Barabara ya zamani hupitia Kibuye, Najjanankumbi na Kajjansi. Haina tozo, lakini msongamano wake wa asubuhi na jioni unafahamika, na mvua huuzidisha. Ya pili ni barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2018, ambayo huanzia Busega na kukoma Mpala, ikiwa na tawi la kuelekea Munyonyo. Tangu Januari 2022 hutozwa ada, na gari dogo lilipangiwa shilingi 5,000. Bodaboda haziruhusiwi kuitumia. Ikumbukwe kwamba barabara hiyo haianzii katikati ya jiji: foleni ya kufika Busega inaweza kumaliza muda uliotarajiwa kuokolewa mbele ya safari.

Wenye fedha kidogo hupanda teksi za abiria 14 hadi Kitoro, mjini Entebbe, kisha hukodi usafiri wa kumalizia kilomita chache zilizosalia. Njia hii inafaa mchana, kwa asiye na mizigo mingi. Usiku wa manane ni salama zaidi kupatana mapema na dereva unayemfahamu, na kumuuliza kama bei yake inajumuisha tozo.

Jengo moja, milango mingi

Abiria wa ndege za kimataifa hutumia jengo moja, kwa hiyo hakuna hofu ya kukosea jengo. Jengo la zamani, lililojulikana duniani kwa tukio la utekaji nyara la mwaka 1976, halipokei abiria hao. Lakini mwenye tiketi ya ndege ndogo ya ndani ya nchi, kama zile za kwenda mbugani, ahakikishe inaondokea wapi, kwani baadhi huruka kutoka kiwanja kidogo cha Kajjansi.

Ukaguzi huanza kabla ya kufika mlangoni. Katika kizuizi cha kuingilia uwanjani, abiria wanaweza kutakiwa kushuka na kukaguliwa kwa miguu huku gari likipekuliwa. Mlangoni huonyeshwa pasipoti na tiketi, na mizigo hupitishwa kwenye mashine. Kisha hufuata kaunta ya shirika la ndege, dawati la uhamiaji, na ukaguzi mwingine kabla ya kuingia ukumbi wa kusubiri. Kila hatua ina foleni yake, hasa ndege kadhaa zinapokaribiana kuondoka.

Anayekwenda kufanya kazi nchi za Ghuba aweke mkononi mkataba na vibali vilivyopitia Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, badala ya kuvifungia ndani ya sanduku linalopakiwa. Maofisa wa uhamiaji huweza kuviuliza, na anayewekwa kando kwa maswali hupoteza muda ambao ndege haimsubiri.

Hesabu ya kurudi nyuma

Ushauri wa kawaida kwa safari za kimataifa ni kufika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kaunta nyingi hufungwa yapata saa moja kabla, na baada ya hapo kumwona mhudumu hakusaidii.

Kwa ndege ya 02:30, basi, fika uwanjani saa tano na nusu usiku. Ukijipa saa mbili za barabarani, toka nyumbani saa tatu na nusu usiku, Jumanne. Kwa ndege ya 19:00, yaani saa moja jioni, unatakiwa kufika saa kumi jioni. Ondoka Kampala saa saba na nusu mchana, na mapema zaidi mvua ikinyesha.

Kabla ya siku hiyo, andika nyuma ya tiketi saa na siku ya kutoka nyumbani kwa hesabu ya Kiswahili, kisha msomee dereva wako.