Askari wadogo: rangi ya mgodi ao rangi ya shamba?

Huko Ubelgiji na Ufaransa kuko wababa wenye imvi wanaokaa ku meza usiku, taa karibu, pinso nyembamba mu mukono, wakipaka rangi askari wa plastiki ao wa risasi. Askari mmoja ana milimetre 28 hivi, sawa na fundo la kidole gumba. Ukiwacheka watakuambia: ngoja, jaribu kwanza wewe. Na ubishi wao mkubwa hauko juu ya panga wala farasi. Uko juu ya koti.

Koti lile Wafaransa wanaliita gambison. Njo nguo ya vita ya mtu asiye na pesa ya kununua chuma. Vitambaa vya kitani vinapangwa kimoja juu ya kingine, ao sufu na pamba vinashindiliwa katikati, kisha vinashonwa mistari mistari kama godoro. Tusiidharau. Mwaka 1181 mfalme Henry II wa Uingereza aliamuru watu huru wa kawaida wawe nayo, pamoja na kofia ya chuma na mkuki. Katika karne ya 15, Louis XI wa Ufaransa alitaka makoti ya tabaka 25 ao 30 za kitani, na ngozi ya paa dume juu yake.

Tuchukue vita moja ambayo wapakaji wanaipenda sana: Courtrai, tarehe 11 Julai 1302. Wafuma nguo, wachinja nyama na mafundi wengine wa miji ya Flandre walisimama kwa miguu mbele ya mabwana wa Ufaransa wenye farasi. Mabwana wakapigwa, na Robert d'Artois, mkubwa wao, akafa pale pale. Wafanyakazi wakaokota mamia ya spuri za dhahabu, vile vyuma vya kuchomea farasi, wakazitundika mu kanisa. Sasa, watu kama wale utawavika rangi gani?

Wengi wanakimbilia kitabu. Kuko Biblia moja ya picha iliyochorwa Ufaransa karibu na mwaka 1240, leo iko New York, na ndani yake askari wa miguu wamevaa gambison za bluu kali na nyekundu kali. Mpakaji anafuata vile vile, na kundi lake linang'aa kama sikukuu.

Kosa liko hapo, na msomaji wa Kolwezi ao Likasi ataliona mbele ya mwingine. Wachoraji wa vitabu walipaka mawe. Bluu nzuri kupita zote ilikuwa jiwe la Afghanistan lililosagwa, na nyekundu ilitoka kwa jiwe la zebaki. Kijani kilitoka kwa malakiti, ile ile tunayoijua siye. Lakini hauwezi kuchovya koti mu unga wa malakiti, sababu ukifua tu inaondoka. Rangi ya nguo ilitoka shambani: garance ilitoa nyekundu, gaude ilitoa manjano, na guède, ile iliyotajirisha wafanyabiashara wa Amiens, ilitoa bluu. Kijani ilikuwa manjano iliyochovywa tena mu bluu. Tena kitani hakishiki rangi vizuri kama sufu.

Kwa hiyo mimi ningeanza na rangi ya kitani chenyewe: kijivu chenye manjano kidogo, kama mfupa wa zamani. Kwa kila askari ongeza tone moja la kitu kingine, kahawia ao manjano, ili wasifanane, sababu kila mmoja koti lake lilichakaa kivyake. Kisha kahawia yenye maji mengi: iache iingie yenyewe mu mistari ya mshono, ikauke, halafu pitisha rangi ya kwanza juu ya vimo vya kitambaa tu. Katika watu 10, wawili ao watatu wapate rangi ya mmea. Nyekundu iwe ya tofali, na bluu iwe ya salopeti iliyofuliwa mara mingi. Mwenye salopeti ku nyumba anajua bluu ile bila kufundishwa. Nyeusi kabisa uiache, ilikuwa ya bei kali.

Na ile chupa yenye jina bluu ya kobalti? Bluu ile ilitengenezwa na Louis Jacques Thénard, Mfaransa, mwaka 1802, miaka 500 kisha vita ya Courtrai. Wachimbaji wetu watashangaa, maana jiwe wanalolitoa chini ni jeusi. Lakini usiitupe. Ngao hazikuchovywa, zilipakwa, na juu ya ngao ya Robert d'Artois kulikuwa maua ya dhahabu juu ya bluu. Paka pale, hata tabaka mbili.