Mpira Gani Unafaa Gari Lililoinuliwa?

Ikiwa wewe ni mkulima mwenye pikapu, na umekwisha kuiinua kwa kuongeza vyuma vya springi, bila shaka ulikuwa na sababu. Njia za kuingia mashambani huku Vitengeni zina makorongo, visiki na mchanga, na gari lililo chini hukwaruza tumbo kila mara. Sasa mipira yako ya zamani imekwisha, na fundi anakuambia, "Tia mipira mikubwa, mzee, gari lisimame kama simba." Kabla hujatoa fedha za korosho, au za mbuzi uliowauza mnadani Bamba, soma kwanza habari hizi. Mipira minne na rimu zake ni mali nyingi, na ukikosea kuchagua utanunua mara mbili.

Jambo la kwanza ni hili: springi huinua bodi, lakini haziinui difu. Difu, lile tufe la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, limebebwa na magurudumu wala halikubebwa na springi. Kwa hiyo hata ukiinua bodi shubiri nzima, kisiki kilichogonga difu jana kitaigonga na leo. Kinachoinua difu ni mpira mrefu zaidi, na hapo pia unapata nusu tu ya nyongeza. Mpira mpya ukizidi wa zamani kwa milimita 40, difu hupanda milimita 20, upana wa kidole gumba. Mkulima aliyeinua gari kwa kuwa difu inagonga, basi, ameponya mguu usiouma.

Soma ubavu wa mpira

Usiulize bei kabla hujasoma maandishi ya ubavuni. Mpira mmoja unaoonekana sana kwenye pikapu huandikwa 225/70 R 15 C, kisha 112/110. Namba 225 ni upana wake kwa milimita. Namba 70 si milimita. Maana yake kimo cha ubavu ni sehemu 70 katika kila sehemu 100 za upana ule, yaani karibu milimita 158. Herufi R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni inchi za rimu. Jumlisha ubavu wa chini, rimu, na ubavu wa juu, utaona kwamba mpira mzima una kimo cha milimita 696.

Dukani utaonyeshwa mwingine, 235/75 R 15. Rimu yake ni ya inchi zile zile, na kimo chake ni karibu milimita 734. Difu itapanda milimita 19. Kibao cha mwendo kikisema 80, wewe kwa kweli unakwenda 84. Hayo yavumilika. Lakini ukichukua ule ulioandikwa 31 x 10.50 R 15, ambao vijana wa mjini huupenda kwa sura yake, kimo chake ni karibu milimita 787. Kibao kikisema 80 unakwenda 90. Tena gari litakuwa kama limetiwa gia ndefu: kwenye mchanga, ukiwa na mzigo, injini italemewa na klachi itaungua. Breki nazo zitapata taabu, kwa maana zilitengenezwa kusimamisha gurudumu dogo na jepesi zaidi.

Sasa tazama herufi C na namba 112, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. C ni alama ya mpira wa gari la mizigo. Namba 112 si kilo 112. Ni namba ya jedwali, na katika jedwali hilo 112 ni kilo 1120 kwa mpira mmoja. Ile 110 inayofuata ni kilo 1060, kwa gari lenye mipira miwili miwili nyuma. Mipira mingi ya 235/75 R 15 imetengenezwa kwa magari ya kuchukua watu, na namba yake ni 105, yaani kilo 925.

Basi piga hesabu. Mipira miwili ya nyuma ya 112 huchukua kilo 2240. Miwili ya 105 huchukua kilo 1850. Umenunua mpira mkubwa zaidi, pengine kwa bei kubwa zaidi, nawe umepoteza kilo 390, zaidi ya magunia 4 ya mahindi ya kilo 90. Kumbuka pia kwamba katika kilo hizo umo na uzito wa gari lenyewe upande wa nyuma. Mpira uliozidiwa haulalamiki mara moja. Hupata moto ndani, safu zake hubanduka kidogo kidogo, halafu hupasuka siku ya jua kali kwenye lami ya Kilifi, wakati mama zako na watoto wamekaa juu ya magunia.

Na usiseme, "Springi zangu ni nene sasa, naweza kuongeza mzigo." Springi ni kiungo kimoja tu. Ekseli, beringi, breki na rimu ni zile zile za zamani, na uzito uliowekwa na kiwanda haukubadilika.

Rimu

Watu wengi huhesabu mashimo ya nati, wakiona ni sita huridhika. Haitoshi. Toyota Hilux inayovuta kwa magurudumu yote manne ina mashimo sita juu ya duara la milimita 139.7. Nissan Navara ya namna ya D40 ina mashimo sita pia, lakini duara lake ni milimita 114.3. Rimu ya hii haiingii kwa ile. Hata duara likilingana, tazama tundu la katikati. Likiwa dogo rimu haikai, likiwa kubwa kuliko kitovu cha gari rimu huweza kukaa upande, na gari hutetemeka.

Upana wa rimu una kadiri yake. Mpira wa 31 x 10.50 hutaka rimu ya inchi 7 hata 9. Ukiulazimisha juu ya rimu ya inchi 6, katikati yake hutuna na kulika upesi, na ubavu hulegea kwenye kona.

Kisha kuna ile tabia ya kutaka magurudumu yatokeze nje ya madigadi, ama kwa rimu zilizotokeza au kwa kutia vipande vya chuma kati ya rimu na kitovu. Gari huonekana pana, ni kweli. Lakini gurudumu lililosogezwa nje ni kama mpini wa jembe ulioongezwa urefu: nguvu ile ile huvunja zaidi. Beringi hufa mapema, na usukani hukurushia mikono kila ukiingia shimoni. Mimi nisingetia vipande hivyo katika gari la shamba hata kama ningepewa bure.

Nati nazo si za namna moja. Rimu nyingi za chuma hutaka nati zenye kichwa cha pia, na baadhi ya rimu za aluminiamu hutaka nati zenye uso bapa. Ukizichanganya, utadhani umekaza kumbe hujakaza.

Kwa kazi za huku, rimu ya chuma ya kawaida ndiyo nzuri. Ikipinda, fundi wa kijijini ataweza kuinyosha. Ya aluminiamu hupasuka. Ubaya wake ni kutu, hasa kwa wanaopeleka mazao pwani mara kwa mara kwenye hewa ya chumvi. Ioshe.

Meno ya mpira

Utakutana na namna tatu: wa barabarani, wenye mifereji myembamba, wa matope, wenye meno makubwa yaliyoachana, na wa kati, wa njia zote. Wengi hukimbilia ule wa matope kwa kuwa una sura ya nguvu. Ni kweli kwamba wakati wa mvua kubwa, kwenye udongo wa mfinyanzi, hausumbuliwi sana. Lakini kwenye mchanga mkavu meno yale hufanya kazi ya jembe. Huchimba, na gari huzama hata difu ikalala chini. Katika lami hulia kama nyuki na kwisha upesi. Mkulima ambaye nusu ya safari yake ni mchanga na nusu ni lami atafaidika zaidi na wa kati, wenye herufi C na namba ya uzito inayotosha.

Tena mchanga haushindwi kwa meno, hushindwa kwa upepo. Kabla ya kuingia mahali pabaya, gari likiwa tupu au na mzigo mdogo, punguza upepo hata ratili 20, yaani 20 katika kipimo kilichoandikwa PSI. Mpira hulala na kukanyaga mahali pengi zaidi. Nenda polepole, usikate kona kwa ghafula, na ukitoka ujaze tena kama kibao cha mlangoni kinavyosema. Pampu ya mguu ni rahisi kuliko kumlipa mwenye trekta akuvute.

Mpira mpya na mpira wa zamani

Zamani mkulima aliweza kununua mpira wa Yana uliotengenezwa Nairobi. Kiwanda kile kiliacha kutengeneza mipira mwaka 2016, na sasa mingi iliyo madukani imepita bandari ya Mombasa. Hivyo tazama umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, mpira ulitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unaweza kuwa na meno yote na bado ukawa mzee. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, uache. Katika mifereji kuna vinundu vya kimo cha milimita 1.6. Meno yakishuka mpaka hapo, mpira umekwisha, haidhuru muuzaji aseme nini.

Nunua yote ya kimo kimoja, na wa akiba pia. Kwa gari la kuvuta kwa magurudumu manne, mpira mmoja ulio mrefu kuliko wenzake huzipiganisha gia ndani, na matengenezo yake ni ghali kuliko mpira wenyewe.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie afunge gurudumu moja la mbele kwanza. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, gari likiwa na mzigo. Likigusa madigadi au springi, limekataa. Usikubali akate madigadi. Jua pia kwamba gari lililoinuliwa mara mbili, kwa springi na kwa mpira, huanguka upesi zaidi kwenye kona. Magunia yapange chini, si juu ya kabati. Na mwenye bima yako umpe habari ya mabadiliko hayo, asije akapata sababu ya kutokulipa.

Ukifungiwa magurudumu Mombasa, simama Kilifi ukaze nati tena, moja baada ya ile inayoikabili, si kwa kuzunguka. Nati mpya hulegea katika safari ya kwanza. Ukifungiwa Kilifi, kaza ukifika Vitengeni, kabla hujapakia chochote.