Breki Ikizama, Usiongeze Mafuta Tu

Pikapu kuukuu ya kikundi hubeba mahindi, maziwa, hata wagonjwa. Lakini breki ikizama, wengi wetu tunaongeza mafuta ya breki na kuendelea na safari. Hiyo ni hatari. Mafuta hayo hayaishi upesi kama petroli. Yakipungua haraka, ujue yanavuja mahali.

Tuweke gari kwenye tambarare, tuzuie magurudumu kwa mawe, halafu tufanye hivi:

1. Kanyaga pedali na uishikilie. Ikizidi kushuka polepole, kuna kuvuja. Angalia paipu na upande wa ndani wa kila gurudumu. Kama nje ni pakavu, huenda raba za masta silinda zimekwisha.

2. Pedali ikiwa laini kama sponji, hewa imeingia. Itolewe, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

3. Ikipanda na kuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, breki shuu za nyuma zimelika au zimelegea.

4. Gari likivuta upande mmoja ukishika breki, mara nyingi upande ule mwingine ndio haushiki.

Tusitie kamwe mafuta ya injini, maana huvimbisha raba na kuziharibu. Tununue aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa mfano DOT 3, katika kopo ambalo halijafunguliwa. Mafuta ya breki hunyonya maji hewani.

Mpaka fundi atengeneze, gari lisitoke. Magunia yanaweza kungoja. Mtu aliyeketi juu yake mteremkoni hana breki nyingine.