Picha ya nyanya isiponzwe na msumari

Ingia sebule yoyote jijini, iwe Umoja au Buruburu, na ni nadra ukose picha ukutani: babu na nyanya siku ya arusi yao, au kifungua mimba aliyevalia joho la kuhitimu. Wageni husifu fremu na kioo. Aghalabu hakuna anayeigeuza kuangalia mgongoni, ilhali huko ndiko picha huponea au kuangamia.

Mafundi wengi wa vibandani huzuia kadibodi ya nyuma kwa misumari midogo inayogongwa ubavuni mwa mbao. Ni njia ya bei nafuu, nayo hushika. Lakini kila pigo la nyundo hutikisa fremu nzima, na si ajabu kioo kupasuka au pembe kuachana. Isitoshe, ukitaka kubadilisha picha sharti uing'oe kwa koleo, na tundu la zamani halishiki tena barabara.

Wenye vifaa bora hutumia vibati bapa vyenye ncha, ambavyo hufyatuliwa kwa bastola maalumu (wala si ile ya majambazi). Vile vigumu huwekewa picha isiyokusudiwa kutolewa. Vile laini hukunjwa kwa kidole na kurudishwa, hivyo vinafaa picha za watoto wanaobadilika kila mwaka. Picha ikiwa nzito, mwambie fundi atie vishikizo vya skrubu vinavyozungushwa. Na kwa wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu, ulizeni vya shaba au chuma kisichoshika kutu, kwani hewa ya chumvi haina huruma na bati.

Hata hivyo, kifaa kizuri hakitafaa kitu iwapo picha yenyewe imebandikwa kwa selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kuacha doa katika karatasi.

Kioo nacho kisiguse picha. Zile picha za zamani zilizosafishwa studio zina utando wa jelatini, nao ukipata unyevu hunata kiooni. Ndiyo maana fundi mwelevu hutanguliza kadibodi yenye dirisha katikati ili kuacha nafasi. Ikiwa yako imeshanata, usiivute kamwe, la sivyo uso wa nyanya utabaki kwenye kioo. Ipeleke studio ikiwa vivyo hivyo, inakiliwe kupitia kioo hicho hicho, kisha ndipo mjadiliane na fundi.