Riwaya mbili za kwetu

Mwezi huu nilisoma riwaya mbili za Kifaransa zilizoandikwa na Wakongomani wenzetu.

Ya kwanza ni Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi. Ilitoka 2014. Mwanzoni ilinichosha: watu wanaongea ndani ya baa, na kila mara wasichana wanawakatiza kwa kuuliza saa. Kisha nikaisoma kwa sauti. Kumbe imejengwa kama muziki, na lile swali la saa njo kiitikio chake.

Ya pili ni Généalogie d'une banalité ya Sinzo Aanza, ya 2015. Watu wa mtaa mmoja wa Lubumbashi wanachimba shaba ndani ya viwanja vyao wenyewe. Mama hasomi Kifaransa, basi jioni nikamsimulia kwa Kiswahili. Akaniuliza: “Sasa nyumba itabakia juu ya nini?”

Miye nilimaliza kitabu kizima nikisifu lugha yake, na swali hilo halikunijia.

Ndugu, sisi tuliosoma tusifungie riwaya hizi ndani ya Kifaransa. Tuzisimulie nyumbani. Wenye viwanja bako kule.